Mkono wa Kupimia Sili

Mpaka mwezi uliopita hadithi hii nilikuwa naisimulia ili watu wacheke. Kwenye vikao vya harusi, saluni, popote nilipokutana na wenzangu wa rika langu tuliokulia huku Mbozi, nilikuwa naanza hivi: "Ninyi baba zenu walikuwa wanakataa wachumba. Baba yangu mimi alikuwa anakataa sili." Halafu naeleza jinsi alivyoliendesha Landrova letu kuukuu kutoka Nanyala hadi Tunduma, safari kwa safari, kutafuta kimpira cha duara cha kuzuia oili isivuje kwenye difu, lile bonge la giya chini ya gari, na kila akiletewa alikunja uso kama mtu aliyeonjeshwa mboga isiyo na chumvi. Hii pana. Hii nyembamba. Hii mdomo wake mgumu. Sauti yake naigiza kabisa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikacheka nao, mjinga mimi.

Sasa siwezi tena. Majuzi niliingia duka la spea hapa Mlowo kutafuta oili ya cherehani yangu, na muuzaji ndiyo kwanza alikuwa anafungua boksi la sili mpya. Ile harufu ya mpira uliopakwa oili ikanivaa usoni. Nikashika meza. "Mama, vipi, unaumwa?" kijana akauliza. Nikamwambia ni jua tu. Jua gani, na nje kulikuwa na ukungu! Nilikuwa nimerudi utotoni, nimeketishwa juu ya kaunta ya duka moja la Tunduma, nimenyoosha mkono, na mwanamke mmoja ananivisha sili kwenye kifundo cha mkono, moja baada ya nyingine, polepole, kana kwamba hana mteja mwingine duniani.

Mwanamke yule alikuwa mama yangu mzazi. Mimi sikujua. Nimekuja kujua akiwa ameshafariki.

Ngoja nieleze vizuri, maana nina hasira, na nikiwa na hasira naruka maneno. Baba yangu, kabla sijazaliwa, alikuwa anapeleka mahindi ya watu Tunduma kwa hilo hilo Landrova, wakati huo likiwa la babu. Huko akapendana na msichana wa familia ya wafanyabiashara Waislamu waliotoka mkoa mwingine. Sisi ni Wamoraviani, wakulima wa kahawa, hatujui kingine. Nikazaliwa mimi. Wazee wa pande zote mbili wakakutana, na kwa mara moja katika maisha yao wakakubaliana: hakuna ndoa. Mtoto akiacha ziwa aende kwa baba yake. Binti aozeshwe mtu mwingine, na huyo mtu asiambiwe kwamba binti ameshazaa. Ndivyo nilivyofika Nanyala mikononi mwa bibi yangu, mama yake baba, na nilipoanza kuuliza nikaambiwa mama alikufa nikiwa nanyonya, akazikwa mbali. Baba alikuwepo nilipoambiwa hivyo. Alikuwa anamenya ndizi za kupika, akaendelea kumenya.

Haya yote amenieleza mwezi uliopita. Wakati ule mimi nilichokijua ni Landrova tu.

Lilikuwa la kijani kilichopauka, na milango yake huwezi kuifunga bila kuikemea. Babu alilinunua enzi zile kahawa ilipokuwa kahawa, na alipofariki likawa la baba. Ukilipaki jioni, asubuhi unakuta doa jeusi chini ya tumbo lake. Fundi wa pale kijijini alilala chini yake, akatoka akijifuta mikono, akasema, "Sili ya difu imekwisha." Akatoa kitu kama bangili, chuma kwa nje, mpira kwa ndani, na springi nyembamba iliyouzunguka mdomo wa ule mpira. Mimi nilikuwa nimechuchumaa hapo hapo, kwa hiyo akanionyesha na mimi.

"Unauona mdomo huu? Kazi yake ni kuikumbatia shafti inapozunguka, oili isipate pa kutokea. Ukishakauka haukumbatii tena." Kisha akamgeukia baba. "Nenda nayo hii kama sampuli. Magari haya ya zamani sili zake siku hizi ni za kutafuta, na namba yenyewe imefutika. Linganisha tundu la ndani, linganisha upana wa nje, linganisha unene. Ikipishana kidogo tu, unavuja kama kawaida."

Akakata kipande cha ngozi ya ng'ombe mduara, akakiloweka kwenye oili, akakibandika kisaidie kwa muda. Kilisaidia kidogo, na gari likaendelea kutembea huku linadondosha.

Aliyekereka kuliko wote ni bibi. Vichanja vyake vya kuanikia kahawa vilikuwa pembeni kabisa ya pale gari lilipolala, na bibi alikuwa na imani moja ambayo ilikuwa ya pili tu kwa ile ya kanisani: kahawa inanyonya harufu. "Ukiianika jirani na samaki, huko Ulaya wanakunywa samaki," alikuwa anasema. "Wewe umeniletea oili uwanjani. Ipate hiyo sili kabla kahawa haijaiva, au hilo gari liuzwe. Nimemaliza."

Baba alikwenda Tunduma peke yake, akarudi mikono mitupu. Baada ya siku kadhaa akamwambia bibi kwamba anarudi tena kutafuta, ila safari hii anakwenda na mtoto.

"Mtoto wa nini kwenye maspea?" bibi akauliza.

"Ananisaidia."

Bibi akaguna. Yeye alijua yule binti wa Kiislamu aliolewa na mtu wa mbali akaenda zake, na akashukuru Mungu. Hakujua kwamba mume mwenyewe alikuja kufungua biashara Tunduma hapo hapo, na biashara yenyewe ni duka la spea. Baba aliligundua hilo kwa bahati, siku ile aliyokwenda peke yake na sampuli yake mfukoni. Aliingia kuuliza sili, akamkuta mama wa mtoto wake nyuma ya kaunta.

Tuliondoka asubuhi kwenye ukungu. Nakumbuka jinsi blanketi la bibi lilivyonikuna shingoni, na jinsi baba alivyokuwa ameoga na kuvaa shati lake la kanisani, nikashangaa kwa nini mtu anavaa shati jeupe kwenda kununua kitu cha oili. Tukapita Mlowo, tukapita Vwawa, na tulipofika Mpemba tukaanza kukuta maroli yamejipanga pembeni ya barabara yakisubiri kuvuka kwenda Zambia, madereva wananawa uso kwa maji ya madumu, wengine wanachemsha chai chini ya tela. Tunduma ilininukia dizeli na mahindi ya kuchoma. Watu wa kubadilisha hela walitupungia makwacha dirishani, baba akawapita bila kuwaangalia.

Mwenye duka, Mzee Omari, alikuwa mtu wa kitambi na vicheko, anaongea Kibemba na madereva wa Zambia kama vile alizaliwa Kasama. Sikuwahi kumchukia, na hata leo simchukii. Alikaa kwenye kiti chake mlangoni, ambapo hapakumpita kitu.

"Aa, Mnyiha umerudi!" akapiga kelele, akimwita baba kwa kabila letu. "Na leo umekuja na fundi wako?"

"Huyu ni binti yangu," baba akasema. Alisema kwa sauti kubwa mno, na wala hakuwa anamtazama Mzee Omari. Alitazama kwenye rafu za nyuma, alikosimama mwanamke mwembamba aliyejitanda mtandio.

"Shikamoo mama," nikamwamkia, kama tulivyofundishwa kumwamkia kila mwanamke mzima.

Boksi likamponyoka. Sili zikatawanyika sakafuni, nyingine zikaviringika mpaka nje mlangoni, nami nikazikimbilia kwa furaha, maana hakuna mtoto asiyependa vitu vinavyoviringika. Mzee Omari akacheka, "Mke wangu, utanifilisi leo!" Mkewe akachuchumaa, akaokota pamoja nami, na huko huko chini, kwa sauti ndogo, ndipo akajibu: "Marahaba, mwanangu." Kila mwanamke wa kijijini kwetu alikuwa ananiita mwanangu. Sikuona ajabu yoyote.

"Haya, shemeji," baba akasema, kama wateja wote walivyomwita mke wa mwenye duka. "Ile sili ya difu, bado naitafuta. Sampuli hii hapa."

"Hizi za zamani zina shida," akajibu. "Lakini nitaangalia. Mtoto asisimame, atachoka." Akaninyanyua, akanikalisha juu ya kaunta. Alinishika kwa nguvu, mpaka mbavu zikaniuma kidogo.

Akaanza kuleta sili. Baba alikuwa anaichukua moja, anailaza juu ya ile ya zamani, anainyanyua kwenye mwanga, anapitisha ukucha kwenye mdomo wa mpira, anabonyeza springi. Kazi ya uhakika, usione mchezo.

"Hii kwa nje inalingana, ndani inapwaya. Itaogelea."

"Na hii?"

"Mdomo umekauka, imekaa sana dukani."

"Basi tazama hii, imetoka upande wa Zambia."

"Nene. Haitaingia kwenye nyumba yake."

Naye mwanamke hakuchoka wala hakuchukia. Kila iliyokataliwa na baba aliichukua, akaniambia, "Lete mkono, mama," akanivisha. Ilikuwa ya baridi, inateleza. Aliizungusha taratibu kwenye kifundo cha mkono wangu, akaivuta mpaka juu kidogo, akairudisha. "Hii kubwa kwako." Akaleta nyingine. "Hii inakaa kidogo." Vidole vyake vilibaki pale kwenye ngozi yangu, vimenishika, na baba alingoja. Akishainua macho, ndipo baba anasema, "Hapana, shemeji. Haifai. Tafuta nyingine."

"Jamani, mteja gani huyu!" Mzee Omari akapaza sauti. "Mnyiha, unanunua sili au unachagua mke?"

Duka zima likacheka. Baba akacheka pia, na mama yangu, Mungu amrehemu, akacheka.

Ninyi mliokuwa watoto mnajua jinsi mtoto anavyojitafutia maelezo pale wakubwa wasipompa. Mimi niliyapata yangu kabla hatujarudi Mpemba. Baba alimwambia bibi namsaidia. Dukani sikuona kipimo kingine chochote ila mkono wangu. Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa sawasawa na shafti ya Landrova, na ndiyo sababu nilichukuliwa mimi. Mnacheka? Niliamini hivyo kabisa. Nilirudi Nanyala nikawatambia watoto wote kwamba bila mimi gari la baba haliponi, na aliyebisha nilimng'ata.

Tulikwenda tena, na tena. Baba alikuwa anasubiri doa likue uwanjani, bibi apige kelele, ndipo tunawasha gari. Pale dukani hakukuwa na namna nyingine. Mzee Omari yupo mlangoni, anasikia kila neno; mwanamume na mke wa mtu wataongea nini ila sili? Basi wakaongea sili. Waliongea upana, unene, mpira mgumu na mpira laini, wakabishana mpaka mtu angedhani wanachukiana. Na katikati ya ubishi ule yeye alikuwa ananiuliza mimi mambo madogo madogo. Unasoma? Nani anakusuka? Unalala na nani, husikii baridi? Siku moja aliona kifungo cha gauni langu kimetoka, akaleta sindano na uzi, akakishona pale pale juu ya kaunta, na baba muda wote huo alichunguza sili moja, akaigeuza na kuigeuza, mpaka uzi ukakatwa. Siku nyingine aliniomba nimwimbie. Nikamwimbia wimbo wa Shule ya Jumapili, na Mzee Omari akapiga meza kwa kufuata mdundo, Mwislamu wa watu, akasema mtoto ana sauti huyu.

Nilimpenda? Nilimpenda kama mtoto anavyompenda mtu mzima anayemsikiliza. Lakini pia nilimwonea huruma, nikimwona muuzaji asiyejua kazi yake. Duka kubwa vile, na hana sili moja inayofaa! Njiani nilimwambia baba, "Yule mama hajui kutafuta." Baba akasema, "Anajitahidi."

Kumbe sili yenyewe ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Alikuwa ameifunga kwenye kitambaa, ameiweka chini kabisa ya droo, na baba alijua.

Kisha safari moja akanivisha sili iliyokuwa inanipita vizuri siku zote, ikakwama kwenye dole gumba. Akaivuta, ikagoma. "Umekua," akasema, na alikuwa anatabasamu na macho yamejaa maji. Wote wawili walifurahi, hata baba aliisahau kazi yake ya kukataa. Ni mimi peke yangu niliyeingiwa na hofu. Mkono ukikua, kipimo kinaharibika. Kipimo kikiharibika, baba ataniacha nyumbani amchukue mtoto mwingine mwembamba, na nilishamjua kabisa atakuwa nani, yule mtoto wa jirani mwenye mikono kama vijiti.

Nikaacha kula. Sikutangaza, nilikula matonge kidogo mbele ya bibi, mengine nikampa mbwa. Uji nilimwaga kwenye mgomba. Usiku tumbo lilinguruma nikalibana na mto, na asubuhi nilijipima kifundo cha mkono kwa kidole gumba na cha kati, nikifurahi vilipopishana. Bibi alininywesha dawa ya minyoo, akanipeleka zahanati, akaniombea mpaka akakauka sauti. Kahawa nayo ilikuwa imeanza kuwa nyekundu mashambani, na kila siku alimkumbusha baba habari ya kuuza gari. Baba alikuwa anaangalia sahani yangu, anaangalia uwanja, hajui aanzie wapi.

Safari ya mwisho nilivaa sweta ingawa palikuwa na joto, kwa sababu nilisikia baridi. Mwanamke akaninyanyua kunikalisha kaunta, akasimama na mimi mikononi. Nafikiri alisikia wepesi. Akanishusha taratibu juu ya kaunta, akakunja mkono wa sweta langu, akachukua ile sili iliyokwama safari iliyopita. Ikapita mpaka kwenye kiwiko.

"Mtoto anaumwa?" akamuuliza baba. Siku hiyo hakumwita mteja wala nani.

"Hali," baba akasema. "Tumemtibu, hali."

Akanigeukia mimi. "Kwa nini huli, mama?"

Sasa mimi nilikuwa nimengoja mtu aniulize. Nikamweleza kwa fahari, kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi nzuri anayestahili kusifiwa: "Nikinenepa mkono hautapimia sili. Baba hatanileta tena hapa."

Mzee Omari aliangua kicheko. "Sikilizeni watoto hawa!" Dereva mmoja wa Zambia akauliza kuna nini, akatafsiriwa kwa Kibemba, naye akacheka akanipa biskuti. Mama yangu hakucheka. Alikishika kile kifundo changu cha mkono kwa mkono wake wote, vidole vikakutana na kupitana. Akakaa hivyo. Baba akasema haraka haraka, "Hizi za leo naona nazo hazifai, tutarudi, shemeji, tutarudi," lakini yeye alishanigeuzia mgongo, ameinama kwenye droo ya chini.

Aliporudi alikuwa na kitu kwenye kitambaa. Akakifungua, akailaza ile sili mpya juu ya ya zamani mbele ya baba. Ndani, sawa. Nje, sawa. Unene, sawa. Hata mimi niliona.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema.

"Hapana," baba akasema. "Naona kama inapwaya."

"Haipwayi."

"Shemeji, tazama vizuri, ule mdomo..."

"Nimetazama. Inakaa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu dukani. "Kaifunge kwenye gari lako, mtoto ale."

Baba alisimama pale na sili mbili mkononi. Mzee Omari akapiga makofi: "Alhamdulillahi! Mnyiha amepata! Soda kwa mtoto!" Na mimi, jamani, mimi niliruka. Niliruka kutoka kwenye kaunta, nikakimbia nje kwenye Landrova nikapiga bodi lake kwa viganja nikiimba tumepata, tumepata, tumepata, soda inanimwagikia kwenye sweta. Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni nyuma ya kiti cha mumewe. Nikampungia mkono ule ule. Akapunga.

Fundi aliifunga ile sili siku iliyofuata. Alitoa kile kipande cha ngozi, akaisafisha shafti kwa kitambaa, akapaka oili kwenye mdomo wa mpira, akaigonga taratibu kwa kipande cha ubao mpaka ikakaa. Doa halikutokea tena. Bibi alitoa sadaka ya shukrani Jumapili, akamsifu baba mbele ya wazee wa kanisa kwamba ni mtu wa kuvumilia. Mimi nilikula. Nilikula ugali, nikala kiporo, nikala mpaka bibi akasema basi, na baba aliketi ng'ambo ya moto akanitazama ninavyokula, sahani yake haijaguswa. Baada ya siku nyingi nikamuuliza tutakwenda lini tena kwa yule mama wa sili. "Gari limepona," akajibu. Akainuka, akaenda kulala chini ya Landrova kama mtu anayekagua kitu, na alikaa huko mpaka kuku wakaja kujilaza karibu na miguu yake. Hatukwenda tena. Duka lilifungwa mwaka huo huo, Mzee Omari akahamia Lusaka na mkewe.

Baba hakuoa. Sisi tulidhani ni ule ugumu wake wa kuchagua. Hata hilo nilikuwa naliweka kwenye hadithi, watu wacheke zaidi.

Mwezi uliopita alikuja hapa Mlowo bila kupiga simu, na Landrova lake, maana bado linatembea. Akasema nivae kitenge, tunakwenda msibani Tunduma. Msiba wa nani? Akasema nitakuambia. Tulipoipita Vwawa akaniambia. Nikamwambia asimamishe gari. Nikashuka, nikasimama pembeni ya barabara na maroli yanapita, nikamfokea baba yangu kama sijawahi kumfokea mtu. Bibi alishakufa zamani! Wazee wote walishakufa! Alikuwa anamwogopa nani?

"Walirudi Tunduma mwaka juzi," akasema. Alikuwa ameshika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa. "Alinipigia. Aliniomba nisikuambie. Alisema hilo atakuambia mwenyewe, uso kwa uso. Alitaka kwanza awaambie wanawe, na mumewe. Akawa anatafuta siku. Mwanangu, nilimnyima kila kitu yule. Hilo moja nikamwachia."

"Na siku ikapatikana?"

"Presha," akasema. "Leo alfajiri."

Nikapanda gari.

Baba alibaki nje kwenye turubai la wanaume, akampa Mzee Omari mkono wa pole. Mzee amezeeka, hakumkumbuka. Mimi nikaingia ndani kwa wanawake, nikapata nafasi kwenye mkeka karibu na mlango, nikajifunika. Chumba kilinukia udi. Wanawake walikuwa wanasoma dua kwa sauti ya chini, na wasichana wawili walikuwa wameegemeana ukutani, nyuso zimevimba kwa kulia. Mmoja ana paji la uso kama langu. Nilimtazama mpaka akainamisha kichwa.

Mlango wa chumba cha ndani ukafunguliwa, akatoka mama mmoja mikono yake imelowa maji. "Watoto wake wa kike waingie wamuage," akasema, "tunataka kumfunika uso."

Wale wasichana wakainuka, wameshikana. Na mimi nikainuka. Mama aliyekaa jirani yangu akanishika kitenge.

"Dada, samahani, wewe ni nani wake?"

Niliwatazama wale wawili wanavyoingia. Nikamtazama yeye.

"Mteja wake," nikasema.

"Aa, pole, mwenzangu." Akanivuta chini taratibu, kwa upole kabisa. "Kaa basi. Wameitwa watoto."

Nikakaa.